Breki Kabla ya Kasi



Ndugu msomaji, wiki hii tutazungumzia gari. Waliozoea kutusoma tukieleza malezi na hesabu za nyumbani watuvumilie, kwani atakayefika mwisho ataona kuwa hatukwenda mbali na malezi.

Tunalo gari aina ya Toyota Altezza, na hatuoni haya kukiri kuwa tunalipenda. Gari hili lilianza kuuzwa Japani mwaka 1998 na likaendelea hadi 2005. Ulaya na Marekani walilijua kwa jina la Lexus IS. Injini yake iko mbele, na nguvu huenda kwenye magurudumu ya nyuma, jambo ambalo vijana wapendao magari hulithamini sana. Lilikuja kwetu likiwa limekwishatumika huko lilikotoka, kama yalivyo mengi tunayoyaona barabarani. Tukanunua spana, tukaazimia kulihudumia wenyewe uani, siku za Jumamosi baada ya sala ya Alasiri.

Msaidizi wetu alikuwa mpwa wetu, kijana wa miaka kumi na minne. Katika muda mfupi akajua spana namba kumi na namba kumi na mbili kwa kuzigusa tu.

Tulianza pale ambapo wengi huanza, yaani kwenye yale yanayoonekana na kusikika. Tulikata springi ili gari likae chini, kisha tukatafuta bomba la moshi lenye mlio mzito. Jumamosi ya kulifunga, tuliinua gari kwa ile jeki ndogo inayokuja nalo, juu ya mchanga wa uani, bila kuweka kitu kingine cha kulishikilia. Mpwa wetu akaingia chini kulishika bomba, nasi tukakaza nati.

“Mjomba, nati hii ya nyuma inataka spana ndefu,” akasema, akatoka kwenda kuichukua.

Hakuwa amefika mlangoni jeki ilipozama upande mmoja na kulala. Gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,300 likaanguka kwenye magurudumu yake, na kwa kuwa tulikuwa tumelishusha, bomba likagonga mchanga palepale kilipokuwa kifua cha mtoto. Alirudi na spana mkononi, akatutazama, asiseme neno. Alhamdulillah, hakuumia mtu.

Dada yetu alipopata habari hakupiga kelele. Alisema sentensi moja tu: “Nilikupa mtoto umfundishe kazi, sikukupa umweke rehani.” Maneno hayo tumeyabeba hadi leo.

Katika masomo yetu chuoni tulifundishwa kanuni ya wanazuoni wa fiqhi kuwa kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Tuliijibu vizuri kwenye mtihani, lakini uani tuliigeuza juu chini: tulitanguliza mlio na umbo, tukaacha usalama uje baadaye. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, kwa hiyo hatukuiacha kazi. Tulichobadilisha ni mpangilio wake, nao ndio huu tunaowapa wenye gari na wazazi wenye vijana wapenda magari.

La kwanza ni namna ya kuliinua gari. Jeki ni ya kuinulia tu, haikutengenezwa mtu alale chini yake. Gari likishainuliwa, likalishwe juu ya stendi za chuma, mahali pagumu na pa usawa, si mchangani. Magurudumu yaliyobaki chini yawekewe kabari mbele na nyuma, na breki ya mkono ivutwe. Kabla ya mtu kuingia, gari litikiswe kwa nguvu. Likicheza, lishushwe na kazi ianzwe upya.

La pili ni breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzijoto 205. Yakishanyonya maji kwa kiasi kinachopimwa katika kiwango hicho, huweza kuchemka kwenye 140. Ya DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka mteremkoni hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, hivyo pedali huzama na gari lisisimame. Kwa hiyo kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni akiba ya uhai. Asiyewahi kutoa hewa kwenye breki asijaribu peke yake. Amwite fundi, atazame na ajifunze. Ajihadhari pia yasimwagikie bodi, kwani huchubua rangi.

La tatu ni matairi. Pembeni mwa tairi pana tarakimu nne zinazoonyesha lini lilitengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno marefu na mpira wake ukawa umezeeka. Kabla ya kuuliza bei ya rimu pana, soma tarakimu hizo.

La nne ni afya ya injini: oili, chujio lake, maji ya rejeta, na mkanda wa taimingi. Anayenunua gari lililotumika bila kujua mkanda ulibadilishwa lini, aubadilishe kwanza. Katika injini nyingi mkanda ukikatika, pistoni hugonga vali, na akiba ya mwaka mzima ikapotea kwa sekunde chache.

Baada ya hayo manne ndipo zije nakshi. Anayetaka gari likae chini asikate springi kama tulivyofanya sisi, maana springi iliyokatwa huweza kuchomoka kwenye makao yake. Anunue springi na shokapu zinazolingana, kisha magurudumu yapimwe mwelekeo. Anayebadilisha bomba la moshi asiondoe masega, kwa kuwa ndiyo yanayopunguza sumu katika moshi. Wala injini isiachwe ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwani kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua. Na mlio unaotuburudisha sisi saa nne usiku unamwamsha mtoto mchanga wa jirani, na jirani ana haki yake.

Wazazi wenzetu, msiwafukuze vijana kwenye magari. Kijana anayejua kwa nini breki hushika ameshika ufunguo wa ufundi unaoweza kumlisha. Keti naye, muulize anafanya nini, na fedha ya stendi itoke kabla ya fedha ya rimu. Ikiwa karo au chakula vinangoja, rimu nazo zingoje.

Ile springi iliyokatwa tumeiondoa, na gari limerudi kwenye kimo chake. Mpwa wetu bado huja Jumamosi. Kabla ya kuingia chini hulitikisa gari mara tatu, kisha hututazama mpaka tuseme “ingia”. Jumamosi iliyopita mama yake alituletea chai uani, akasimama kidogo, akazitazama zile stendi nne moja baada ya moja, akarudi ndani.

Wabillahi tawfiq.