Barua ya Wazi kwa Gavana wa Siaya: Safari ya Mama Mwenye Uchungu Inahitaji Mwenyewe

Kwa Mheshimiwa James Orengo,
Gavana, Kaunti ya Siaya.

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kutoka Asembo Bay juu ya mume na mke wanaotoka nyumbani usiku, mke ameshikwa na uchungu, wanakwenda kutafuta mahali pa kujifungulia. Naomba safari hiyo ipate mwenyewe. Kwa sasa wenyewe ni hao wawili, pamoja na mwendesha boda boda yeyote atakayekubali kuamka. Kisheria, mwenyewe ni kaunti unayoiongoza.

Wewe ni wakili mwandamizi na umeishi na Katiba hii tangu ilipokuwa ikipiganiwa, kwa hiyo hapa nitapita haraka. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, lilipozikabidhi kaunti huduma za afya, halikuishia kwenye hospitali na maduka ya dawa. Lilitaja ambulensi waziwazi, na mbele kidogo likataja barabara za kaunti, hata vivuko na bandari. Kifungu cha 43 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 ikaeleza kwamba matibabu hayo huanza kabla ya kufika hospitalini, tena ni pamoja na kumhamisha mgonjwa pale kituo kinaposhindwa. Nikiyasoma haya kwa pamoja, naona mama anaingia mikononi mwa serikali yake tangu uchungu unapoanza, akiwa bado chini ya paa lake. Lakini bajeti na hotuba zetu, katika kaunti nyingi za nchi hii, humpokea mlangoni pa wodi. Tunafungua majengo, tunakata utepe, tunahesabu vitanda. Kati ya nyumba na kitanda hatuhesabu kitu.

Hebu tuiangalie safari yenyewe, maana anayeijua kwa ramani tu hawezi kuipanga. Wanaume wengi wa ufuo huu wa ziwa huvua omena, yaani dagaa, na omena huvuliwa kwa taa, usiku ambao mwezi haupo. Kwa hiyo siku zile njia inapokuwa nyeusi kabisa ndizo siku ambazo baba wa mtoto yuko majini. Chupa ikipasuka, wa kwanza kuamshwa ni mama mkwe, wa pili ni jirani mwenye simu iliyo na chaji. Mume anapigiwa. Kama aliiacha simu ufuoni isilowe maji, inapokelewa na mtu mwingine, naye anaanza kutafuta chombo cha kumfuata. Halafu kuna kukusanya vitu: kijitabu cha kliniki, beseni, leso mbili tatu, pamba, nguo za mtoto, kitambulisho, na pesa, ambazo kwa nyumba nyingi hupatikana kwa kubisha milango ya watu. Mpaka hapo hakuna aliyezembea, na muda umekwenda.

Kisha boda boda. Mama anakaa katikati, mume nyuma yake amemshika kwa mikono miwili. Uchungu ukija, mume anamgusa dereva begani, pikipiki inasimama, ukipita, wanaendelea. Wakati wa masika ule udongo mweusi hunata kwenye magurudumu hadi watu washuke wasukume, naye mama anatembea kwa miguu gizani. Wapo wanaojifungua kando ya njia, wamesitiriwa na leso za wanawake waliotoka nyumba za jirani baada ya kusikia kelele. Waendesha boda boda hawa nawaheshimu sana. Ni vijana ambao hakuna aliyewafundisha lolote kuhusu uzazi, wanaamka saa nane za usiku, na wengine huondoka bila malipo kwa sababu wanaona haya kumdai mtu katika hali ile. Tumewatwika kazi ambayo Katiba ilimpa mwajiri mwenye bajeti.

Kufika kituoni nako si lazima kuwe mwisho. Uzazi wa kawaida unaweza kwenda vizuri katika kituo kidogo chenye mkunga aliye macho, taa, maji na dawa ya kuzuia damu. Hofu yangu iko kwenye uzazi unaogeuka ghafla. Shinikizo la damu linapanda na kuleta kifafa cha mimba. Mtoto amelala vibaya tumboni. Au mtoto anatoka salama, watu wanashangilia, na damu ya mama haikomi. Hapo karatasi ya rufaa inaandikwa Bondo, au Siaya, au Kisumu, na usiku unaanza upya. Mwanamke anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba akina mama hufa kwa kucheleweshwa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutoka nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Kwa mama wa hapa anayepewa rufaa, ule ucheleweshaji wa njiani humpata mara mbili, na mara ya pili humkuta nguvu zimemwishia.

Sensa ya 2009 ilipochambuliwa, Siaya ilikutwa na vifo 691 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wakati wastani wa nchi ulikuwa 495. Waliotutangulia walikuwa Mandera, Wajir, Turkana, Marsabit na Isiolo, kaunti ambazo mtu anaweza kusafiri kutwa nzima asione zahanati. Sisi tulifuata nyuma yao moja kwa moja, ingawa hatuna jangwa, na Kisumu tuko nayo kwenye ghuba moja. Sensa ya 2019 ilionyesha nchi imeshuka hadi vifo 355. Hiyo ni hatua, na wauguzi wetu wana mchango mkubwa ndani yake. Hata hivyo, namba ya 2009 haijanitoka moyoni, kwa sababu inaonyesha kwamba ukaribu na jiji haukutuokoa. Kilomita si nyingi. Kinachokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kuzivuka saa tisa za usiku.

Wala haiwezi kusemwa kwamba hatujulikani tulipo. Saradidi, hapa hapa Asembo, ilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 mpango wa afya uliosimamiwa na wanakijiji wenyewe, majirani wakafundishwa kuwatibu majirani zao malaria, na wataalamu wakaja kutoka mbali kujifunza. Katika miaka ya 1990 nyumba za Asembo na Gem ndizo zilizopokea vyandarua vyenye dawa katika utafiti mkubwa wa taasisi za KEMRI na CDC, utafiti ulioonyesha kwamba chandarua hupunguza vifo vya watoto wadogo. Leo mtoto anayelala ndani ya chandarua Malawi au Senegali ana deni kwa akina mama wa huku kwetu. Tangu 2001 watafiti wamekuwa wakipita boma kwa boma kuandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Boma letu lina namba. Wanasayansi waliweza kujua chandarua kipi kimetundikwa nyumba ipi. Kujua ni nyumba ipi ina mama atakayejifungua mwezi ujao hakuwezi kuishinda serikali, hasa sasa ambapo wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 wana simu, wana mikoba ya vifaa, na wanawajua wajawazito wa eneo lao kwa majina.

Naomba utazame ng'ambo ya ziwa, Mheshimiwa. Wilaya ya Sengerema, Tanzania, inapakana na maji haya haya, ina wavuvi kama sisi na visiwa vingi kuliko sisi. Huko na Shinyanga ndiko ulikoanzia mpango ambao sasa unaitwa m-mama, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kwa nchi nzima. Familia au muuguzi anapiga namba 115 bila malipo. Anayepokea anauliza maswali machache kuhusu hali ya mama, kisha anatafuta gari. Ambulensi ikiwa mbali, anatumwa dereva wa kawaida wa eneo lile, aliyesajiliwa na kufundishwa mapema, na malipo yake yanaingia kwenye simu yake. Familia haitoi hata senti. Kilichonivutia ni kwamba waliyatumia magari yaliyokuwapo tayari vijijini, wakayaongezea simu inayopokelewa, mtu aliye macho, na malipo ya uhakika.

Basi anza na Rarieda, kaunti ndogo yetu. Weka namba moja ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuikariri, na mtu wa kuipokea usiku kucha. Sajili wenye probox na matatu za hapa, fundisha waendesha boda boda namna ya kumbeba mama na ni dalili gani zinazotaka gari badala ya pikipiki, na walipwe usiku ule ule, maana dereva aliyekopwa mara mbili hataamka mara ya tatu. Kamati za ufuo ziingizwe, kwa sababu zina boti na injini na zinajua nani yuko majini, na kuna siku ambapo ziwa ndiyo barabara fupi zaidi, gugumaji likiruhusu. Mhandisi wako wa barabara akikaa kupanga ni njia zipi zimwagiwe kokoto kwanza, aketi na muuguzi wa zahanati pembeni yake. Na kila mwezi kaunti itangaze simu zilizopigwa zilikuwa ngapi, gari lilichukua muda gani kufika, na mama alifika hai au la.

Usimwache nyamrerwa, mkunga wetu wa jadi, nje ya mpango huu. Najua wizara ya afya ingependa asitajwe kabisa. Lakini wanawake wa huku wanamwendea hadi leo, na sababu kubwa ni kwamba yeye huja nyumbani akiitwa. Mpe kazi ya kumsindikiza mama hadi kituoni, alipwe kwa kila mama aliyemfikisha, na imani ambayo watu wanayo kwake itaufaa mkono wa serikali.

Nina neno pia kuhusu yule mume. Mimi ni baba. Nilimshika mke wangu njia nzima, tukafika, nikaambiwa nisubiri nje, nikakaa kwenye benchi hadi kulipokucha nikisikia vilio nisijue ni vya nani. Muuguzi aliyenizuia alikuwa na sababu: chumba kilikuwa kimoja, vitanda vimekaribiana, na wanawake wengine nao walistahili sitara yao. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tena mwaka 2018 kwamba kila mwanamke awe na mtu anayemchagua mwenyewe kukaa naye wakati wa uchungu, awe mumewe, mama yake au dada. Kwa desturi zetu kuzaa ni mambo ya wanawake, na mke anayemtaka mama mkwe badala ya mume aheshimiwe. Ila achague yeye. Usiku ule wahudumu wawili walikuwa na kina mama wengi. Mtu mmoja aliyekaa kando ya kitanda angeweza kushika mkono, kuleta maji, na zaidi ya yote kuita mara tu shuka inapoanza kulowa damu. Kinachohitajika ni mapazia kati ya kitanda na kitanda. Kati ya yote niliyoyaomba humu, hilo ndilo rahisi zaidi, na ndilo ningependa lifanyike kwanza.

Kuhusu pesa nitasema machache. Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza uzazi bila malipo katika hospitali za umma, ukaja mpango wa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 mambo yamehamia kwenye mamlaka mpya ya bima ya afya. Huko mtu asiye na mshahara hukadiriwa mchango wake na kutakiwa kuulipia mwaka mzima, nayo kazi ya omena huleta pesa leo na kesho haileti. Najua hiyo ni sheria ya taifa. Lililo ndani ya uwezo wako ni kuhakikisha usajili na makadirio yanakamilishwa siku ya kliniki ya kwanza, mimba ikiwa bado changa, ili maswali ya kadi ya bima yasimkute mama langoni akiwa amejikunja kwa maumivu.

Naomba jibu lako hadharani kabla ya mvua za Machi: namba ni ipi, gari linalala wapi, nani analiendesha usiku, na mafuta yake yanatoka fungu gani la bajeti. Jibu hilo lije kwa Kiswahili na kwa Dholuo. Sisi wenyewe tutalisoma kanisani na kwenye baraza la chifu, na tutalibandika kwenye banda la samaki ufuoni, mahali ambapo wanaume huagana kabla ya kuingia majini.

Wako kwa heshima,

Mkazi wa Asembo Bay, Rarieda