Kabla ya Kuzishtaki Jeni za Mama Zetu

Kuna kauli nimechoka kuisikia: kwamba saratani ya matiti ya mwanamke wa Kiafrika ni ya aina yake, haina vipokezi vya homoni, na dawa za kawaida haziiwezi. Kwa baadhi ya wanawake ni kweli. Lakini kabla ya kuzishtaki jeni za mama zetu, tuulize kwanza: kinyama kilikatwa saa ngapi, na kiliingia kwenye formalini saa ngapi?

Alama za maabara si uchawi. Kingamwili hupakwa juu ya ukanda mwembamba wa nyama. Ikikuta kipokezi cha estrojeni, rangi ya kahawia hutokea. Kipande cha DNA kinachong'aa hutumwa kuitafuta jeni ya HER2 kwenye kromosomu ya 17, ionekane kama imejirudia kupita kiasi. Vipimo vyote viwili hutegemea nyama iliyohifadhiwa vizuri. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani unataka sampuli iingie kwenye formalini ndani ya saa 1 na ikae humo saa 6 hadi 72. Ikichelewa, vipokezi huharibika na jibu huweza kusomeka "hasi". Hasi hiyo ya uongo humnyima mgonjwa tamoxifen, kidonge cha bei nafuu kilichomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO.

Sasa njoo Handeni. Hospitali ya wilaya kwa kawaida haina mtaalamu wa patholojia, hivyo kinyama husafiri. Nimewahi kubeba kopo la shangazi yangu kwenye mfuko wa rambo, kwa basi, hadi Dar es Salaam. Lilikuwa na jina tu. Saa ya kukatwa haikuandikwa, na hakuna aliyeiuliza. Jibu lilirudi hasi. Hadi leo sijui kama ni uvimbe uliojibu au ni safari.

Jirani yetu Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza 2009. Jaribio la namna hiyo halipokei damu isiyo na namba, tarehe na saa. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba watu wa Tanga hawawezi kutunza sampuli. Wanaweza, mtafiti akitaka. Kwa nini damu ya utafiti iheshimiwe kuliko nyama ya mgonjwa?

Najua jibu: hatuna fedha za mashine. Sijaomba mashine. Naomba formalini iliyochanganywa sawasawa, kopo pana, kalamu, na saa ukutani mwa chumba cha upasuaji. Naomba msafirishaji wa sampuli asiwe ndugu wa mgonjwa.

Hayo yakishafanyika, tuzungumze kuhusu jeni. Kwa sasa, anayesema saratani yetu ni ya aina yake atuonyeshe kwanza saa iliyoandikwa kwenye kopo.