Atakaye Kuongoza Akubali Kufundishwa

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni wakati wa kipupwe katika Unguja, lakini huko Ulaya na Marekani ni wakati wa joto, na skuli nyingi hufungwa. Wakati huo vijana wa miaka 15, 16 au 17 huja kwa makundi, wakakaa majuma mawili au matatu, nia yao kuwatumikia watu na kujifunza uongozi. Wengine hupaka rangi madarasa, wengine husomesha Kiingereza, na wengine hupanda miti pwani. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Vijana hawa hulitaka jembe siku ya kwanza, basi wastahili shukrani.

Lakini jembe peke yake halitoshi. Apewaye jembe asionyeshwe shamba huweza kung'oa mihogo akidhani ni magugu. Kwa hiyo kila atakaye kutumika yampasa akubali kwanza kufundishwa na wenyeji, wajapokuwa hawana vyeti.

Zitazamwe nyumba za Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuandika mwaka 2000 kuwa urithi wa dunia. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake huchukuliwa na boriti za mikoko. Mgeni aonapo ukuta umebanduka huweza kuuziba kwa saruji, akafurahi kwamba kazi imekwisha. Fundi wa chokaa ajua kwamba ukuta wa namna ile hunyonya maji, na sharti upate njia ya kuyatoa. Saruji huyafungia ndani. Chumvi huula ukuta, na baada ya masika kadhaa lipu huanguka pamoja na mawe.

Na mikoko yenyewe ni vivyo hivyo. Mbegu yake huota ingali mtini, ikawa ndefu kama kalamu, na kuichomeka ardhini ni kazi nyepesi. Ikichomekwa katika mchanga upigwao na mawimbi, huchukuliwa na bahari. Ikichomekwa mahali pasipokupwa kamwe, hufa. Yataka tope, na maji yanayojaa na kupwa. Wanawake wa pwani ya mashariki, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, huzihesabu siku za bamvua na za maji mafu pasipo kitabu. Hao ndio walimu wa kazi hiyo.

Huenda mtu akasema kwamba vijana hao wamekuja kujifunza kuongoza, si kufuata. Lakini nahodha hakuanza kwa kushika usukani. Kwanza alifua maji chomboni, akakunja tanga, akatii. Mwaka 1907 Baden-Powell alifanya kambi yake ya kwanza katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, pamoja na wavulana wapatao 20. Aliwachanganya wana wa matajiri na wana wa wafanya kazi, akawagawa katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake miongoni mwao.

Ingefaa Unguja pia ifanywe hivyo: wageni na watoto wa mahali wawe kikundi kimoja, na anayeijua pwani atangulie, hata akiwa ni mtoto wa mvuvi. Maana kuna hatari moja kubwa. Mtoto wa Unguja akikaa barazani kutazama wageni wakipaka rangi skuli yake, mwisho atadhani kwamba kuutumikia mji ni kazi ya watu wenye nauli ya ndege.

Mkoko uliopandwa Julai hutaka mtu wa kuutazama Disemba, wageni wakiwa wamekwisha kurudi makwao. Mtu huyo hana budi kuwa mwenyeji. Basi naye ashike jembe tangu siku ya kwanza.