GTA VI Inakuja, Lakini Kwa PS ya Mtaa Hakuna Msee Anauliza Umri

Tembea Umoja, Kayole ama Githurai Jumamosi saa nne asubuhi. Fuata kelele. Utapata kibanda cha mabati, skrini tatu nne, benchi ndefu, na watoi wamejaa hadi mlangoni. Ukiwa na ashu ama mbao, unacheza. Skrini ya kwanza ni FIFA. Ile ya kona kabisa ni GTA, na mwenye ameshika usukani anaweza kuwa na miaka tisa.

Wazazi wakiona hiyo picha huwa wanaitisha kitu moja tu: pigeni marufuku! Na hiyo gumzo itarudi na nguvu, juu Rockstar walitoa trela ya kwanza ya GTA VI Desemba 2023 na dunia nzima bado inangoja. Gemu imeahirishwa mara mbili, lakini ikitoka, itafika mtaani. Swali ni kama tutakuwa tumejipanga ama tutapiga nduru tu.

Tuanze na ile hoja kubwa. Je, gemu za bunduki zinageuza mtoi kuwa mtu wa fujo?

Mimi nimekuzwa na San Andreas. Niliiba magari yote ya Los Santos na sijawahi iba hata baiskeli. Lakini hiyo ni stori yangu, si ushahidi. Ushahidi ni huu: 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifuatilia vijana kama 1,000 wa Uingereza, wa miaka 14 na 15, wakauliza hadi wazazi wao. Hawakupata uhusiano kati ya gemu za vita na ukali wa hao vijana. 2020, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kikasema hakuna ushahidi wa kutosha wa kulaumu gemu kwa vitendo vya kikatili.

Lakini kuna kipande wacheza gemu huwa tunaruka. APA hao hao walisema kuna uhusiano mdogo na ukali wa kila siku, kama kufokeana na kusukumana. Kwa hivyo gemu haitamfanya mtoi wako jambazi, lakini pia usiseme haimguzi kabisa.

Na hata kama ingekuwa haimguzi, si kila kitu kisicholeta ujambazi kinafaa mtoi wa miaka tisa. GTA V imepewa 18 kwa mfumo wa Ulaya, PEGI, na 17 kwa ule wa Marekani, ESRB. Ndani yake kuna misheni moja wewe mwenyewe unachagua zana ya kumtesa msee amefungwa kwa kiti. Kuna klabu za wacheza uchi. Hiyo si gemu ya mtoi, period.

Shida ni kwamba hiyo namba ya 18 imeandikwa kwa kava. Na nani ameona kava kwa PS ya mtaa? Gemu nyingi zimenakiliwa ama zimepakiwa ndani ya mashine kitambo. Mzazi akipita hapo nje anaskia tu kelele za goli.

Sheria nayo? Bodi ya filamu, KFCB, inatumia Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, ambayo mizizi yake ni ya miaka ya 1960. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani 1994. Hiyo sheria iliandikwa ikiwaza ukumbi wa sinema, si kibanda cha Kayole. Zile alama za GE, PG, 16 na 18 tunazijua kwa muvi. Kwa PS, mwenye kibanda ndiye bodi.

Wengine wamejaribu kukaza. China, tangu 2021, mwenye hajafika miaka 18 anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, mbili hadi tatu usiku, Ijumaa hadi Jumapili na sikukuu. Korea Kusini walifungia watoto wa chini ya miaka 16 usiku wa manane kuanzia 2011, halafu wakaifuta hiyo sheria baada ya miaka kumi. California walitaka kuzuia kuuzia watoto gemu kali, na 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa, majaji saba kwa wawili.

Hapa kwetu sitaki marufuku, na nitakwambia mbona. Marufuku Kenya huwa ni karao na kanjo kuvamia kibanda, kubeba mashine, halafu kuitisha kitu kidogo ndio zirudi. Mwenye ataumia ni kijana amejinyima mwaka mzima kununua PS ya mtumba. Na tukiweka ada za kuainisha kila gemu, watengenezaji wetu, kama wale wa Nairobi X, watafunga duka mapema.

Kitu inaweza kufanya kazi ni ndogo. Kibanda tayari kinahitaji leseni ya kaunti. Ongeza masharti matatu kwa hiyo leseni: hakuna mtoi wa shule saa za masomo, umri wa kila gemu ubandikwe ukutani, na gemu za 18 zisichezwe watoi wakiwa ndani. Mwenye PS anajua umri wa wateja wake kuliko mtu yeyote ofisini. Anajua hadi mathe zao.

Na wazazi, simu ni yenu. Play Store iko na udhibiti wa wazazi, unaweka namba ya siri na umri, dakika mbili umemaliza.

Lakini tuwe wakweli pia. Mathe ameenda job Jumamosi, uwanja wa mtaa ulijengwa fleti, na mbao inamweka mtoi pahali pamoja asubuhi yote. PS ndiyo imekuwa yaya wa estate. Ukifunga hicho kibanda kesho, niambie huyo mtoi ataenda wapi.

Wewe unaonaje, PS za mtaa ziwekewe masharti ama waachane nazo?