Viza Imefutwa, Idhini Imezaliwa

Tarehe 12 Desemba 2023, katika sherehe za Jamhuri, Rais William Ruto alilitangazia taifa kwamba kuanzia Januari 2024 mgeni hangehitaji tena viza ili kuingia Kenya. Hata hivyo, Mwingereza au Mmarekani anayetaka kuja kutazama heroe wa Ziwa Nakuru hakufunguliwa mlango wazi. Sharti ajaze fomu kabla ya kuabiri ndege, aeleze atakakolala, alipe ada, ambayo ilianza kwa dola 30, kisha asubiri kukubaliwa. Kibali hicho huitwa idhini ya kusafiri ya kielektroniki.

Kwa sisi tunaofundisha isimu, hapa hapana kitendawili. Neno viza lina asili ya Kilatini, na maana yake ni karatasi iliyokwisha kukaguliwa. Ikiwa karatasi ingali inakaguliwa na fedha zingali zinalipwa, kilichofutwa ni nini kama si jina? Ni haki kukiri kwamba ada ilipungua, maana viza ya kuingia mara moja ilikuwa dola 50. Lakini raia wa Zambia na Malawi, ambao zamani waliingia bila viza, ghafla walitakiwa kuomba na kulipa. Ilibidi Baraza la Mawaziri, Januari 2025, liamue kuwaondolea sharti hilo Waafrika karibu wote, isipokuwa raia wa Libya na Somalia.

Sioni ubaya Mwingereza au Mmarekani kuulizwa maswali. Kijana wa hapa Rhonda anayetaka kuzuru Marekani hulipa dola 185 zisizorudishwa, husafiri hadi ubalozini Gigiri, na sheria ya huko humhesabu kuwa ana nia ya kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo. Nimewaandikia vijana kadhaa wa mtaa huu barua za kuwatambulisha. Karatasi wanazodaiwa hujaza bahasha nzima.

Linalonikera ni hali ya watu wetu wenyewe. Katiba ya zamani haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Mzaliwa wa Rhonda aliyejipatia uraia wa Uingereza au Marekani kabla ya Agosti 2010 aliupoteza ule wa Kenya. Katiba ya 2010, katika ibara ya 16, inasema kwamba raia wa kuzaliwa haupotezi uraia wake kwa kupata mwingine. Na ibara ya 14 inampa yule aliyeupoteza haki ya kuurudisha kwa kuomba. Uzito wote umo katika maneno hayo mawili, "kwa kuomba". Asiyeomba angali mgeni kisheria. Akija kumzika mamake atajaza fomu ile ile ya watalii wa heroe, na kulipa kama wao. Tena mtoto wake aliyezaliwa ng'ambo baada ya 2010, ikiwa siku hiyo hakuna mzazi aliyekuwa raia wa Kenya, hazaliwi Mkenya.

Tangazo la Jamhuri lilielekezwa kwa wageni. Balozi zetu za London na Washington ziwatangazie nao wenyeji hawa, kwa Kiswahili chepesi, namna ya kuurudisha uraia wao, kabla hawajapigiwa simu ya msiba.