Paa Likioza, Usiuze 504 ya Kugo Skrapu

Wasee wa Sigor, ile Peugeot 504 ya kugo inayoozea nyuma ya boma si takataka. 504 ilishinda Safari Rally 1975, ikarudia 1978, kwa vumbi na matope. Leo mnataka kuipima kwa kilo juu paa limeshika kutu?

Paa linabadilishwa hapa hapa nyumbani. Tafuta 504 iliyokufa yenye paa zima. Toa vioo vya mbele na nyuma pamoja na kitambaa cha ndani, hicho hushika moto haraka. Kisha toboa pointi za welding za kiwandani moja moja. Lakini skiza: usikate nguzo kwa grainda ndio umalize mapema. Hizo ndizo hukulinda gari ikipinduka. Na kabla ya kuchomelea, bana paa kwa klampu ujaribu milango yote. Mlango ukigoma, bado.

Kuficha kutu kwa puti ni kudanganya mnunuzi, na mvua itakuumbua. Fundi wetu wa jua kali anaiweza hii kazi. Shida ni sisi, tunataka ya haraka na ya bei ya chini. Mlipe vizuri. Ama mnaonaje?