Majira ya Kuzuru Andalusia: Neno "Kiangazi" Linatupotosha

Aghalabu msomi wa Afrika Mashariki apatapo nafasi ya kuzuru Ulaya, nafasi hiyo huangukia Julai au Agosti, vyuo vya huko vikiwa likizoni. Majira hayo tumezoea kuyaita kiangazi. Katika sikio la Mswahili, kiangazi ni anga safi, njia kavu na jua la kuanikia nafaka. Hakuna la kuogofya. Maoni yangu ni kwamba kwa mgeni wa Andalusia, kusini mwa Uhispania, neno hili linapotosha, na kwamba wakati unaofaa zaidi ni kati ya katikati ya Aprili na mwisho wa Mei.

Kwanza, tulitazame joto lenyewe. Miji ya Sevilla na Córdoba imo katika bonde la mto Guadalquivir. Mnamo Julai na Agosti, joto la mchana huko hufikia wastani wa takribani nyuzi 36 za sentigredi, na siku za nyuzi 40 na zaidi si ajabu. Agosti 2021, katika mji wa La Rambla mkoani Córdoba, zilipimwa nyuzi 47.6. Mnamo 2022, Sevilla ilianza kuyapa mawimbi ya joto majina, kama vile vimbunga vipewavyo; la kwanza liliitwa Zoe.

Huenda msomaji wa Mombasa akasema joto analijua tangu utotoni. Hata hivyo, Mombasa katika miezi yake mikali huzunguka nyuzi 33, na magharibi humletea nafuu. Sevilla mwezi Julai jua hutua karibu saa nne kasorobo usiku, na joto huwa kali zaidi mnamo saa kumi na moja jioni, saa ambayo sisi hutoka barazani kupunga upepo.

Pili, mgeni wa Agosti hukosa wenyeji. Wengi wa watu wa Sevilla hukimbilia pwani, na maduka na mikahawa mingi hufungwa. Kinyume chake, Mei ndio mwezi ambao watu wa Córdoba hufungua nyua za nyumba zao zilizosheheni maua, desturi iliyotambuliwa na UNESCO mnamo 2012. Mwanafunzi wa Kiswahili atafurahi zaidi kugundua kwamba hata lugha ina ujamaa nasi kupitia Kiarabu: birika ni "alberca", zaituni ni "aceituna", sukari ni "azúcar".

Sisemi kwamba Aprili haina kasoro. Tarehe 27 Aprili 2023, Córdoba ilifikia nyuzi 38.8. Isitoshe, Wiki Takatifu na maonyesho ya Feria ya Sevilla hupandisha bei za malazi. Mwenye mfuko mwepesi na aende mwishoni mwa Oktoba au Novemba, joto likiwa limepungua na mavuno ya zaituni yakianza mkoani Jaén, mradi abebe mwavuli.

Hapa ndipo wafasiri wetu wanapohitaji uangalifu. Masika yetu ni mvua na matope, ilhali miezi hiyohiyo Andalusia ni ya michungwa kuchanua, na mvua zake nyingi hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Afadhali tuandike "majira ya kuchipua" na "majira ya joto kali", ili msomaji asifunge safari kwa kutegemea kalenda ya kwao.

Anayealikwa huko na aombe mwaliko wake usogezwe hadi Mei. Ikishindikana, basi wahenga walikwisha nena: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wenyeji wakijifungia ndani alasiri, naye ajifungie. Matembezi yake yawe ya asubuhi na ya usiku.